Noti za bure za Neue Mozart-Ausgabe: tuipime kwa simfoni ya mtoto wa miaka minane

Mwalimu wa muziki anayetaka kuonyesha jinsi mtoto anavyoweza kutunga huzuni aanze na Simfoni Na. 1 (K. 16; K. ni namba ya kazi kwenye orodha ya Köchel ya tungo za Mozart), ambayo Mozart aliiandika London mwaka 1764 akiwa na miaka minane. Noti zake zimo kwenye Neue Mozart-Ausgabe (“Toleo Jipya la Mozart”), toleo la kitaalamu la kazi zake zote ambalo taasisi ya Mozarteum ya Salzburg ililiweka mtandaoni mwaka 2006. Kwa kujisomea na kufundishia, hulipi kitu.

Tafuta kwa namba ya K., kisha nenda sehemu ya pili, Andante (mwendo wa taratibu) ya C maina (C minor). Karibu haina melodia. Kwa kila pigo vayolini zinatembea noti tatu tatu, besi mbili mbili, ala za upepo zinashikilia sauti ndefu juu yake. Huzuni inatoka hapo hapo, kwenye ule mvutano wa tatu dhidi ya mbili, na ndipo wanafunzi wanapoiua: besi huivuta noti yake ya pili ili ikutane na vayolini. Noti hiyo iangukie katikati, baada ya noti ya pili ya vayolini na kabla ya ya tatu. Fanyeni mazoezi polepole kwa kupiga makofi kwanza.

Halafu, katika sehemu hiyo hiyo ya pili, sikiliza honi (ala ya upepo ya shaba): do, re, fa, mi. Noti nne hizo hizo ndizo zinazofungua sehemu ya mwisho ya simfoni yake ya mwisho, K. 551 ya mwaka 1788. Kwenye honi ya zamani isiyo na vali, ile fa hupanda juu kidogo, na mpigaji huishusha kwa kuingiza mkono kwenye mdomo mpana wa honi, kule sauti inakotokea. Honi zikipigwa kwa nguvu, kilio chote kinageuka kuwa tangazo.

Ubora mkubwa wa toleo hili ni uaminifu. Alama zilizoongezwa na wahariri zimechapwa kwa namna tofauti, kwa mfano herufi za mlazo, kwa hiyo unajua kipi kimo kwenye hati ya mkono ya Mozart na kipi ni pendekezo. Jambo hilo lina uzito hapa, maana hati yenyewe ina masahihisho ya mkono wa baba yake, Leopold.

Kasoro: unapata skoa nzima tu (mistari ya ala zote pamoja), bila pati, yaani karatasi ya peke yake kwa kila ala. Honi zimeandikwa kwa C ilhali zinalia E-flati, kwa hiyo ukimpa mtu wa trombone mstari huo, mwandikie upya kwanza. Ripoti za wahariri ni za Kijerumani. Kwa darasa, nalisifu bila kusita; kwa jukwaani, pati itabidi uzinakili mwenyewe au uzinunue.