Vijana hawatoshi timu: muungane na jirani au mcheze pungufu?

Klabu ya mtaani Australia ya kandanda ya Kiaustralia (Australian rules), yenye wachezaji 14 wa chini ya miaka 16, haifikishi 18 wanaotakiwa uwanjani. Iungane na jirani, au iombe ligi icheze 12 kwa 12?

Kwa gharama, kucheza pungufu ni nafuu: jezi zilezile, uwanja uleule. Muungano huleta jezi mpya, mazoezi Jumanne huku na Alhamisi kule, na mtoto ambaye kwao hawana gari hukwama wa kwanza.

Kwa uhakika wa mechi, muungano unashinda. Mafua na majeraha yakiondoa wanne kati ya 14, mmebaki 10.

Kubakiza watoto ndipo penye utata. Wenu 14 na tuseme 13 wa jirani ni 27: uwanjani 18, akiba tuseme wanne, watano hawavai jezi kabisa. Kwa kawaida ni walewale wa kiwango cha chini, na hao ndio wanaohamia mpira wa kikapu. Kwenye 12 kila mmoja anaugusa mpira, ila ule uwanja wa umbo la yai usipopunguzwa kwa koni, robo ya nne, ile ya mwisho, wanatembea kwa uchovu.

Mkiwa chini ya 12, unganeni, zamu za benchi ziandikwe kabla ya usajili. Mkiwa 14 au zaidi na ligi inaruhusu, bakini wenyewe, mkatafute wawili watatu shuleni.