Uzoefu wangu na mafundi wa kutibu mbao zilizooza, Ntyuka

Ukimwambia mtu kwamba Dodoma mbao zinaoza kwa maji, atakucheka. Mvua zenyewe zinaanza Desemba, Aprili zimeshaondoka. Ila nyumba yetu iko mteremkoni Ntyuka, na aliyeijenga alichimba chumba cha chini ambacho ukuta wake wa nyuma umeegemea udongo mtupu. Ndani akasimamisha fremu za mbao za mbili kwa mbili, akafunika kwa jipsamu. Zilipopita mvua za El Niño za 2023/2024, chumba kikawa kinanuka kama gunia lililolowa.

Fundi wa kwanza, simtaji, alifuta madoa kwa jiki, akapiga rangi, akachukua hela yake. Mvua zilizofuata madoa yakarudi palepale.

Hawa wa pili ni kikundi kidogo cha vijana wa hapahapa mjini. Kilichonivutia ni kwamba hawakutaja bei mpaka walipobandua jipsamu. Wana kifaa cha kupima unyevu, kina sindano mbili za kuchoma kwenye mbao. Mbao zilizosimama zilisoma asilimia 18. Ile iliyolazwa sakafuni ikasoma 31. Kijana akachukua bisibisi: kwenye mbao za kusimama iligoma, kwenye ile ya chini ikazama karibu na mpini. Walipoing'oa ikamegeka vipandevipande vya kahawia, vya mraba, unavisaga kwa vidole.

"Mama, huu mweusi wa juu ni uchafu tu, unafutika," akaniambia. "Mla mbao ni huyu wa chini, na huyu anaishi kwa maji."

Basi kazi kubwa ikawa nje, si ndani. Walichimba mtaro nyuma ya ukuta, wakalaza bomba lenye matundu, wakajaza kokoto, maji yakaelekezwa chini ya kiwanja. Unyevu wa mbao ukishuka chini ya asilimia 20, hao fangasi wanaoozesha mbao hawakui tena. Ukipaka dawa huku maji yanaingia, unamwaga hela. Ndani walikata ile mbovu wakavuka mpaka kwenye sehemu nzima, wakaweka mbao za dawa, zile za kijani, juu ya karatasi ya DPC inayozuia unyevu usipande kutoka chini, na zilizobaki wakazipaka dawa ya boroni. Inachanganywa na maji, na mbao yenye unyevunyevu ndiyo inainywa vizuri. Jipsamu walikataa kuirudisha mpaka kipimo kishuke. Kilipofika 13 ndipo wakafunga, wakaacha nafasi ya hewa kati ya fremu na ukuta.

Malalamiko yapo. Milioni moja na laki tatu si hela ya kuokota, ingawa nusu yake ililiwa na mtaro. Wanachelewa asubuhi, simu hawapokei. Na siku ya kubandua jipsamu walivaa barakoa wao, mlango wa ngazi wakauacha wazi, vumbi la ukungu likapanda hadi jikoni. Mwanangu alipiga chafya usiku kucha. Waambieni mapema wazibe kwa nailoni.

Nawapa nyota nne. Niliwaomba wanipakie dawa hiyohiyo kwenye nguzo za baraza, wakakataa: boroni huoshwa na mvua, wakasema, kwa nje nitafute nguzo zilizotiwa dawa kiwandani. Hela ilikuwa mkononi, wangeweza kuichukua.