Rauta imo ndani kwangu, ufunguo anao fundi

Nianze na mazuri, maana yapo. Intaneti ya hawa jamaa, kampuni iliyotufungia waifai nyumbani, ina kasi. Hapa Mkunazini, kwenye nyumba zetu za mawe, bando la simu lilikuwa likitutesa: ukisimama dirishani unapata, ukirudi ndani unakosa. Tangu tuvutiwe faiba, ule waya wa intaneti, watoto wanafanya kazi zao za skuli, na mie nazungumza na ndugu yangu aliyeko Maskati kwa video bila kukatikakatika. Kwa hayo peke yake nilikuwa tayari kutoa nyota nne.

Sasa sikilizeni la fundi.

Alipokuja kufunga, kabla ya Ramadhani, aliweka pasiwedi ya waifai bila kumuuliza mtu: jina la kampuni, kisha moja mpaka nane. Tukaja kujua kuwa pasiwedi hiyo hiyo kaiweka kwa jirani wa juu na kwa wale wa nyumba ya pili. Vijana wa barazani walishaijua zamani. Siwalaumu, mlango uko wazi wataachaje kuingia? Lakini Ramadhani ikaingia. Tukirudi tarawehe mama anafungua darsa yake, shekhe anaganda mdomo wazi, kiduara kinazunguka. Na pale nje mpira wa Ulaya unaonekana raha mustarehe, kwa intaneti ninayoilipia mie.

Nikataka kubadilisha pasiwedi. Basi. Nikaipindua rauta, kile kisanduku kinachotoa waifai, kusoma ile stika ya chini, herufi zake ni za miwani na tochi ya simu: 192.168.1.1, ndiyo anwani ya ukurasa wa kuipangia rauta, kisha jina la kuingilia, neno la kuingilia. Nikaiandika anwani kwenye simu. Ukurasa ukafunguka, Kiingereza kitupu. Nikaingiza yaliyoandikwa, yakakataa. Hii ni sifuri au ni herufi O? Hii ni moja au ni l ndogo? Nikajaribu kila namna mpaka rauta ikanifungia kabisa, ikanitaka nisubiri.

Nikampigia fundi. Kwanza hakupokea. Alipopokea akasema, "Ya kwenye stika tumeshaibadilisha dada, ya ndani ni siri ya kampuni. Mimi nakuja kukubadilishia, kila mara elfu kumi."

Simu ilikuwa kwenye spika. Mama akamwambia kwa upole, "Mwanangu, tuonyeshe tu, na sisi tujue." Akajibu: "Bibi, haya si ya kwenu. Wewe tizama video zako, mengine tuachie sisi."

Mama yangu amesomesha hisabati skuli ya serikali mpaka kastaafu. Watu wazima wa mtaa huu wakimuona wanasimama. Na mtoto wa watu anamwambia haya si ya kwenu, tena ndani ya nyumba yake, kwa kifaa kilichochomekwa kwenye umeme wake! Nyota nne zikawa mbili hapo hapo.

Nisiwe mwonevu lakini. Kampuni kufunga baadhi ya mambo ina sababu. Jirani yetu mmoja, mtoto wake alichomeka pini kwenye kile kitundu cha nyuma, rauta ikasahau kila kitu, mpaka akaunti inayoitumia kujiunga na kampuni, wakakaa bila mtandao hadi alipokuja mtu. Na pasiwedi za kiwandani ni hatari kweli: mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliingia kwenye kamera na rauta chungu nzima duniani kwa kujaribu tu pasiwedi hizo. Kwa hivyo kuibadilisha ile ya stika sina ugomvi nao. Ila huwezi kunificha ufunguo wa ndani kwa jina la usalama, halafu waifai ukaiwekea moja mpaka nane kwa mtaa mzima! Uingereza, tangu Aprili 2024, sheria inakataza kuuza vifaa vya namna hii vikiwa na pasiwedi za kubahatisha kirahisi. Huku kwetu mbahatishaji kaletewa jibu na fundi mwenyewe.

Baada ya Idi tukaenda ofisini kwao, mie na mama. Binti wa kaunta akainuka, "Shikamoo bibi," akamvutia kiti. Akatwambia kuna kuingia kwa kampuni na kuna kuingia kwa mteja, na kwa mteja ni haki yetu. Akatuandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Kisha akamwelekeza mama, kidole cha mama mwenyewe juu ya skrini: hapa pasiwedi, hapa orodha ya simu zilizomo, hapa mtandao wa wageni usiogusa vitu vyenu. Na mgeni akija, simu yako inamtolea ule mraba wa vidoti, anaupiga picha, anaingia. Akatueleza pia yale majina mawili ya waifai yetu. Lile lenye 5G mwishoni lina kasi, ila kuta nene za mawe linazishindwa, kwa hivyo chumba cha nyuma tutumie lile jengine. Fundi alitwambia tununue kifaa cha kuongeza nguvu.

Nilitoka pale na furaha. Hasira ikanipandia njiani, tulipofika Darajani. Kumbe ni jambo la dakika chache! Kumbe mama kaweza mara ya kwanza! Mwezi mzima wa darsa zilizokatika, na ile kauli mama aliyotolewa, vyote kwa ajili ya karatasi ambayo ilikuwa tupewe siku ya kufungiwa. Nyota moja, na hiyo moja ni ya waya.

Na ule ukurasa nao uandikwe Kiswahili. Mtu wa kawaida anataka kujua nani yumo, amtoe asiyemtaka, abadilishe pasiwedi yake. Hayo yawe mbele, mengine yafichwe nyuma huko kwa mafundi.

Mama anasema nimemdhulumu yule binti, niongeze. Haya, naongeza: mbili. Siku fundi atakapompigia simu mama kumwomba radhi, nitarudi hapa niandike upya.