VICOBA au mkopo wa halmashauri?

Mama lishe asiye na hati ya nyumba, benki hawana habari naye. Kwa Tanzania zipo njia mbili zinazotajwa sana: VICOBA, yaani vikundi vya wanachama wanaonunua hisa na kukopeshana, na mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu).

Kwa gharama, halmashauri inashinda, maana mkopo wake hauna riba. VICOBA hutoza, ingawa riba hurudi kwa wanachama kama gawio.

Kwa uhakika, mambo yanageuka. Mikopo ya halmashauri ilisitishwa 2023, ikarejea 2024. Na hata ikiwepo, kuna usajili, katiba ya kikundi, andiko la mradi, njoo kesho kwa afisa maendeleo. VICOBA unakopa Jumamosi, Jumatatu mchele na mkaa viko kibandani. Mtoto akilazwa, mfuko wa jamii wa kikundi upo.

Elimu? Halmashauri hufundisha kabla ya kutoa fedha. VICOBA unahesabu hisa mbele ya wenzako kila wiki, na hiyo naona ndiyo hukaa kichwani. Ila asiye na hela ya hisa hubaki nje.

Mnataka mashine ya kusaga na mna subira? Halmashauri. Mtaji wa genge wiki hii? VICOBA.