Picarro G2201-i Nyanda za Juu Kusini: bora kwa udongo na Ihefu, si ya kuamini upesi kwenye chemchemi za moto

Picarro G2201-i ni mashine ya leza inayopima CO2 na methani hewani, pamoja na uwiano wa kaboni-13 kwa kaboni-12 ndani yake. Kwa anayepima gesi inayotoka kwenye udongo wa Mufindi au methani ya kinamasi cha Ihefu, hii ndiyo mashine ya kununua. Ila pesa ya mitungi ya rejea (gesi ya thamani inayojulikana, ya kusawazishia mashine) na vikaushio itengwe siku ileile ya kuagiza, la sivyo utapata namba safi zisizo na maana.

Pampu ya nje huvuta hewa hadi kwenye chemba ndogo ya vioo yenye joto la nyuzi 45 za Selsiasi, presha ikiwa karibu robo ya ile ya nje hapa Mbeya. Leza ya karibu mikromita 1.6 huzimwa ghafla, kisha hupimwa mwanga umefifia upesi kiasi gani. Kaboni-13 hunyonya mwanga kwenye urefu wa wimbi tofauti kidogo na kaboni-12, hivyo uwiano wake hupatikana papo hapo, CO2 na methani kwa pamoja. Mwinuko wa mita 1,700 hauisumbui, kwani presha ya chemba inajidhibiti.

Kwa wastani wa dakika 5, δ13C ya CO2 (uwiano wa kaboni-13 ukilinganishwa na kiwango cha kimataifa, kwa sehemu za elfu, ‰) hupatikana ndani ya takriban 0.16‰. Inatosha na kubaki: mabua ya mahindi yako karibu −12‰, majani ya misonobari karibu −27‰. Methani ya hewa ya kawaida hukosewa kwa takriban 1‰. Kwa kinamasi hakuna shida, maana methani yake huwa karibu −60‰ na ile ya hewa −47‰; funika eneo, subiri methani ipande, kisha chora mstari wa Keeling (grafu ya δ13C dhidi ya 1 gawanya kwa kiasi cha methani, inayoonyesha δ13C ya chanzo). Lakini kufuatilia mabadiliko madogo ya hewa mwaka hadi mwaka, hapana. Kazi hiyo bado ni ya spektromita ya masi, mashine ya maabara inayotenganisha isotopu kwa uzito.

Penye volkano ndipo watu wanapokosea vipimo. Gesi inayotoka ardhini Rungwe ina CO2 nyingi mno, wakati mashine inataka isizidi ppm 2,000 (sehemu kwa milioni). Mililita 1 ya gesi safi ndani ya lita 1 ya hewa isiyo na CO2 inakupa ppm 1,000 hivi. Usichanganye na nitrojeni tupu: bila oksijeni na agoni, mistari ya unyonyaji hubadilika upana na jibu linahama. Salfidi ya hidrojeni nayo hupotosha δ13C hata ikiwa kidogo sana, kwa hiyo pitisha sampuli kwanza kwenye bomba lenye vipande vya shaba. Kwa gesi ya makaa ya mawe, angalia ethani, gesi inayoandamana na methani. Huharibu namba ya methani.

Kuanzia Novemba hadi Aprili kausha hewa kabla haijaingia. Tone la maji likifika kwenye vioo, si kazi ya fundi wa karibu. Mashine inarudi kiwandani. Kila unapofunga mpira wa kupitishia hewa upya, pulizia pumzi kwenye kila kiungio: CO2 ikiruka, panavuja. Regyuleta (kidhibiti presha) ya mtungi ijazwe na kumwagwa mara tatu, na dakika 10 za mwanzo zitupwe. Chukua angalau mitungi miwili ya hewa asilia yenye δ13C zinazotofautiana, na UPS (betri ya akiba) inayobeba mashine pamoja na pampu. Wengi huunga mashine peke yake. Umeme ukikatika pampu inasimama, na mkondo wa hewa unapotea katikati ya kipimo.