Salsa au kizomba: uanze na ipi?

Ukiingia darasa la dansi Westlands jioni, vumbi la matatu bado likiwa kwenye viatu, swali la kwanza ni hilo.

Salsa huhesabiwa nane: moja, mbili, tatu, unatulia ya nne, tano, sita, saba, unatulia ya nane. Anayeongoza huzungumza kwa mikono. Akiinua wa kushoto kabla ya tano, mwenzake anajua anazungushwa. Akichelewa, wanagongana viwiko. Miezi yangu ya kwanza nilikuwa nabana vidole kama kondakta aliyeshika noti, hadi dada mmoja akaniambia, "Kaka, legeza mkono, sitoroki."

Kizomba, ya Angola, mikono haina kazi kubwa. Kifua na uzito wa mwili ndivyo vinavyoongoza. Anayefuata hasubiri kuvutwa, anasubiri uzito uhame. Ukiuhamisha nusunusu, anabaki mguu mmoja hewani. Hatua ni chache, lakini hakuna pa kujificha. Na ndiyo, mnakaribiana. Wengine huona haya wiki ya kwanza, kisha inapita.

Mbwembwe? Salsa ina nafasi tele za mabega na mikono. Kizomba ni nyonga na unyayo tu, kidogo kidogo.

Asiyeshika mdundo namwelekeza salsa, maana hesabu yake inamkosoa waziwazi. Ila aliyekulia kwenye rumba ya Kongo, harusi baada ya harusi, aanze kizomba. Mwili wake tayari unajua kutembea na mtu.