Kipandikizi cha kijiti kimoja kwa mvulana trans: kinafaa, ila habari ya damu isemwe mapema

Mvulana trans ni kijana aliyezaliwa na mwili wa kike lakini anajitambua kuwa mvulana, na huenda akatumia testosteroni, yaani homoni ya kiume. Testosteroni haizuii mimba. Hedhi inaweza kukatika kwa miezi huku yai likiendelea kukomaa na kutoka, na mimba ikiingia, homoni hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Dawa za kusimamisha balehe nazo zisihesabiwe kuwa uzazi wa mpango. Kwa mvulana trans mwenye mfuko wa uzazi ambaye anaweza kupata mimba, njia tunayoiweka mbele ni kipandikizi cha etonojestreli, yaani kijiti chenye homoni ya kuzuia mimba kinachowekwa mkononi, hasa kwa sababu hakihitaji uchunguzi wa ukeni hata kidogo.

Kijiti kina urefu wa sm 4 na unene wa mm 2, kimebeba miligramu 68 za dawa, na hufanya kazi kwa angalau miaka 3. Hakina estrojeni, homoni ya kike, kwa hiyo hakipingani na testosteroni. Kati ya watumiaji 1,000 kwa mwaka, anayeshika mimba ni nadra kufika mmoja. Mhudumu hutia ganzi, kisha hukipenyeza chini kidogo tu ya ngozi, upande wa ndani wa mkono usiotumika sana, juu ya kiwiko. Kabla kijana hajaondoka, yeye na mhudumu wote wakipapase. Kisiposhikika kwa vidole, huenda kimezama mno au hakikuingia kabisa. Kondomu zitumike mpaka kipimo cha picha kionyeshe kilipo. Hatua ya kupapasa hurukwa kwa haraka ya foleni, na kijiti kilichozama ndicho kinachosumbua siku ya kukitoa. Bandeji ya kubana ikae saa 24. Anayepaka testosteroni ya jeli asiipake juu ya kidonda.

Maelekezo ya kukiweka katika siku 5 za kwanza za hedhi hayamsaidii asiyeona hedhi. Kipimo cha mimba kikionyesha hana, kiwekwe siku hiyohiyo, kondomu zitumike siku 7, na kama alijamiiana bila kinga hivi karibuni, kipimo kirudiwe wiki 3 baada ya tendo hilo.

Udhaifu wake mkubwa ni damu. Takriban mtumiaji 1 kati ya 5 haoni damu kabisa. Wengi waliobaki huona matone yasiyo na ratiba, hasa miezi ya mwanzo. Kwa kijana anayeumia moyoni kila akiiona damu hiyo, hili si jambo dogo, na kumficha ni kumkosea. Anayetaka zaidi kukata hedhi atafaidika na kitanzi cha mfuko wa uzazi chenye miligramu 52 za homoni ya levonojestreli, ila kinapitia ukeni, na testosteroni hukausha sehemu hiyo hadi uchunguzi ukauma. Sindano ya miezi 3 nayo hupunguza damu vizuri, lakini pia hupunguza wingi wa madini kwenye mifupa. Dawa za kusimamisha balehe zina tatizo hilohilo, hivyo kuzitumia pamoja hatukupendi.

Mhudumu aulize dawa nyingine anazotumia kijana: rifampisini (ya kifua kikuu), kabamazepini na fenitoini (za kifafa) na efavirenzi (ya VVU) hukidhoofisha kijiti. Aulize pia kijana anapenda kuitwa jina gani na viungo vyake vitajwe vipi, kabla ya kugusa mkono. Kijiti hakikingi magonjwa ya zinaa, kondomu ziendelee. Na kijana akirudi mwezi wa pili akitaka kitolewe kwa sababu ya damu, aelezwe njia nyingine, kisha kitolewe siku hiyo bila kumbishia.